Barua pepe zinazorudi bila wewe kuzituma: nani anatumia jina lako?

MFANYABIASHARA anayetumia barua pepe huenda amewahi kukutana na jambo hili. Anafungua sanduku lake asubuhi akitarajia jibu la mteja kuhusu bei ya karafuu au mashine ya kukoboa mahindi. Badala yake anakuta taarifa kumi, ishirini au zaidi zikimweleza kwamba barua alizotuma hazikufika. Mtumaji wa taarifa hizo anaitwa MAILER-DAEMON. Watu waliotajwa humo hawafahamu, na barua zenyewe hakuziandika.

Wengine huzifuta na kuendelea na shughuli zao. Wengine hushikwa na hofu, wakaipeleka kompyuta kwa fundi ambaye huifuta yote na kudai malipo, kumbe haikuwa na tatizo lolote. Wapo pia wanaopata balaa kubwa zaidi. Mteja wa siku nyingi anapiga simu kwa hasira na kusema ametumiwa kirusi, na uaminifu uliojengwa kwa miaka unaingia doa kwa kosa ambalo si la mwenye duka.

Tuanze na hilo jina, maana linaweza kumtisha asiyelijua. MAILER-DAEMON si pepo wala si mtu. Ni programu iliyo ndani ya seva, yaani kompyuta inayopokea na kupeleka barua, na kazi yake ni kumrudishia mtumaji barua iliyoshindikana kufika. Ni sawa na karani wa posta anayegonga muhuri wa "rudisha kwa mtumaji". Karani huyo hasemi uongo. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe ameongopewa kuhusu mtumaji ni nani.

Jina la nyuma ya bahasha

Barua pepe tunayoitumia hadi leo inafuata utaratibu ulioandikwa Agosti 1982 na Jon Postel, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani. Wakati ule mtandao ulikuwa wa vyuo na taasisi chache, na waliokuwa wakiandikiana walifahamiana. Utaratibu huo haukuweka kipengele chochote cha kumtaka mtumaji athibitishe kwamba ndiye anayejiita hivyo.

Fikiria barua ya kawaida ya posta. Unaweza kuandika nyuma ya bahasha S.L.P. ya jirani yako badala ya ya kwako, na hakuna karani atakayekuomba kitambulisho. Akiona stempu, anaipokea. Barua hiyo isipofika itarudi kwa jirani, naye atabaki kushangaa. Barua pepe iko vivyo hivyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu ina majina mawili ya mtumaji. La kwanza liko kwenye bahasha, ambalo seva huambizana na msomaji kwa kawaida halioni. La pili liko ndani ya barua yenyewe, pale panapoandikwa "Kutoka kwa". Yote mawili huandikwa na mtumaji mwenyewe, na yote mawili yanaweza kuwa ya uongo. Barua iliyoshindikana hurudi kwa jina la kwenye bahasha.

Tundu hili lilijulikana mapema, lakini kwa miaka mingi halikuwa na madhara makubwa. Walioligeuza kuwa janga ni waandishi wa virusi vya kompyuta.

Virusi vilivyojifunza kuficha chanzo

Virusi vya kwanza vilivyosambaa sana kwa barua pepe vilikuwa vya kweli kwa namna yake. Melissa, ya Machi 1999, ilituma barua kwa jina la mtu ambaye kompyuta yake ilikuwa imeambukizwa. ILOVEYOU, iliyoanzia Ufilipino Mei 4, 2000 na kuzunguka dunia kwa saa chache, ilifanya hivyo hivyo. Hasara yake ilikuwa kubwa, lakini ukiipata ulijua imetoka kwa nani. Ulimpigia simu rafiki yako ukamwambia mashine yake inaumwa, naye akaizima. Kila mgonjwa alionekana.

Kisha ikaja Klez, iliyoonekana mwishoni mwa 2001, na hasa toleo lake lililoenea kuanzia Aprili 2002. Kirusi hiki kikiingia kwenye kompyuta kilikusanya anwani zote kilizozikuta humo, kikachagua moja ya kumtumia barua na nyingine ya kuiandika kama mtumaji. Mwenye kompyuta hakutajwa popote.

Wafugaji watalielewa jambo hili upesi. Ni kama ng'ombe mgonjwa anayepita malishoni akiwa na chapa ya boma la jirani. Daktari wa mifugo akiarifiwa anakwenda kwenye boma lisilo na ugonjwa, anapima, hakuti kitu. Wakati huo boma lenye ugonjwa linaendelea kuambukiza, na mwenyewe hajui.

Tuseme wakala wa kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam kompyuta yake imeingiliwa. Ndani yake mna anwani ya muuza vipuri wa Mwanza na ya chama cha ushirika cha Moshi, kwa kuwa wote ni wateja wake. Kirusi kinaandikia chama cha ushirika kwa jina la muuza vipuri. Kama anwani ya chama imefungwa, barua inarudi Mwanza, kwa mtu ambaye hakutuma chochote. Kama iko wazi, chama kinapokea kirusi na kumlaumu mtu wa Mwanza. Wakala, ambaye ndiye mwenye mashine mbovu, hapati barua hata moja ya kumshtua. Kitu pekee ambacho muuza vipuri anaweza kukijua kwa hakika ni kwamba mahali fulani ipo kompyuta iliyo na anwani yake pamoja na ile ya chama.

Klez ilikuwa na ujanja mwingine. Ilitumia tundu katika programu ya Microsoft lililoruhusu kiambatisho kijifungue chenyewe barua ilipotazamwa tu, bila kubofya chochote. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo Machi 2001, mwaka mzima kabla. Waliokuwa hawajakiweka ndio walioumia. Baadhi ya barua za Klez zilijitangaza kuwa ni dawa ya kujikinga na Klez, na waliofungua dawa hiyo wakapata ugonjwa.

Agosti 2003 ikaja Sobig.F, iliyofanya matoleo ya mwanzo yaonekane mchezo wa watoto. Ilikuja na vichwa vya barua vya kawaida kabisa, kama "asante" au "maelezo yako", ambavyo mtu wa biashara hawezi kuvitilia shaka. Ilitafuta anwani kwenye kitabu cha anwani, kwenye barua zilizohifadhiwa na hata kwenye kurasa za intaneti zilizobaki ndani ya kompyuta baada ya mtu kuzisoma.

Hilo la mwisho lina maana kubwa kwa mfanyabiashara. Anwani iliyotangazwa kwenye tovuti au kwenye orodha ya wauzaji bidhaa nje ilibaki ndani ya kompyuta ya kila aliyeutazama ukurasa huo. Kadiri biashara ilivyojulikana, ndivyo jina lake lilivyozidi kutumika kama jina la bandia. Na katika intaneti kafe, ambako kompyuta moja ilikaliwa na watu wengi kwa siku, mashine moja ilibeba anwani za watu wasiofahamiana kabisa.

Tusisahau hali ilivyokuwa miaka ile. Nyaya za chini ya bahari za Afrika Mashariki zilianza kazi mwaka 2009, na kabla ya hapo mawasiliano yalipita kwenye setilaiti au laini za simu, yakilipiwa kwa dakika. Sanduku la bure la Hotmail lilikuwa na nafasi ya megabaiti 2 tu. Kirusi cha Sobig.F kilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 70 na ushee, na kikifungashwa kama kiambatisho kilikaribia 100. Seva nyingi zilirudisha barua nzima pamoja na kiambatisho chake. Barua zisizozidi ishirini na chache zilitosha kulijaza sanduku, na baada ya hapo oda ya kweli kutoka kwa mteja wa kweli nayo ilikataliwa. Mteja akapata taarifa kwamba sanduku limejaa, akanunua kwingine. Hasara ya namna hiyo haiingii kwenye takwimu za mtu yeyote.

Aliyeandika Sobig.F alikuwa amekipangia kirusi chake kiache kujisambaza Septemba 10, 2003, na ndivyo ilivyokuwa. Hakuwahi kupatikana.

Dawa iliyoongeza ugonjwa

Hapa lazima tuseme jambo ambalo watengenezaji wa programu za kuzuia virusi hawalipendi. Katika miaka hiyo, seva nyingi za makampuni ziliwekewa programu za kukagua barua zinazoingia. Programu ikigundua kirusi ilikizuia, jambo jema, kisha ikamwandikia "mtumaji" kumwonya kwamba ametuma kirusi. Wakati wa Melissa onyo hilo lilikuwa na faida. Wakati wa Klez na Sobig lilikuwa upuuzi, kwa sababu programu ile ile iliyokitambua kirusi kwa jina ilipaswa kujua kwamba kirusi hicho hughushi jina la mtumaji. Maonyo yakaendelea kutumwa, mengine yakiwa na tangazo la kununua programu yenyewe chini yake.

Watu wasio na hatia wakarundikiwa mizigo mitatu kwa mpigo: virusi vyenyewe, barua zilizorudi, na maonyo yaliyowatuhumu. Kila barua moja ya uongo ilizaa nyingine moja au mbili za kweli zilizokwenda kwa mtu asiyehusika. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huo ulikuwa uzembe uliofanywa na watu waliolipwa kwa kazi ya kinga.

Waandishi wa virusi walikuwa makini zaidi. Waliona kwamba watu wamezoea kupokea barua zilizorudi na wanazifungua kwa wasiwasi ili kujua ni barua gani haikufika. Januari 26, 2004 ikatokea Mydoom, iliyovaa sura hiyo hiyo. Nyingi ya barua zake zilionekana kama taarifa ya seva, zikisema upelekaji umeshindikana na kwamba ujumbe wenyewe umewekwa kwenye kiambatisho. Aliyefungua kiambatisho alikuwa amejiambukiza. Februari 1, 2004 kompyuta zilizoingiliwa zilielekezwa kuishambulia tovuti ya kampuni ya SCO ya Marekani, nayo ikazimika. SCO na Microsoft kila moja iliahidi zawadi ya dola 250,000 kwa atakayemtaja mhusika, lakini hakuna aliyekamatwa.

Mwezi huo huo wa Februari ikaja Netsky, nayo ikighushi majina. Huyu mwandishi wake alipatikana. Alikuwa kijana wa shule wa Ujerumani, Sven Jaschan, aliyekamatwa Mei 2004 muda mfupi baada ya kutimiza miaka 18. Julai 2005 mahakama ilimhukumu kifungo cha nje cha miezi 21.

Msomaji anaweza kudhani hayo ni mambo ya kale. Lakini mwaka 2019, miaka 15 baada ya kutokea, kampuni ya usalama wa mitandao ya Palo Alto Networks iliripoti kwamba Mydoom bado ilikuwa ikijisambaza, nayo ilichukua takriban asilimia 1 ya barua zenye viambatisho vyenye madhara ilizokuwa ikiziona. Zilikuwa ni kompyuta kuukuu ambazo hakuna aliyewahi kuzisafisha.

Kukataa dirishani

Kilichopunguza mafuriko ya barua za kurudi ni mabadiliko ya kikazi ambayo mtumiaji wa kawaida hayaoni. Zamani seva nyingi zilipokea barua kwanza, kisha zikagundua kwamba anwani haipo au ndani mna kirusi, ndipo zikairudisha kwa yule aliyeandikwa kwenye bahasha. Siku hizi seva iliyowekwa vizuri hukagua mtumaji akiwa bado yuko dirishani na humkatalia hapo hapo. Kirusi kikikataliwa dirishani hakina pa kurudisha barua, hivyo jina lililoghushiwa halisumbuliwi. Seva inayopokea kwanza na kurudisha baadaye bado ipo huku na kule, hasa kwenye ofisi zilizosakinisha mitambo yao miaka mingi iliyopita na hazijaigusa tena.

Hata bila kirusi, mchezo wa jina unaendelea. Aprili 2014 wezi waliiba vitabu vya anwani vya wateja wa kampuni ya AOL ya Marekani, wakawaandikia marafiki wa wateja hao kwa majina yao kutoka kwenye mitambo mingine kabisa. Watu walibadilisha maneno yao ya siri, barua zikaendelea kutumwa, kwa sababu wezi hawakuhitaji kuingia tena kwenye sanduku la mtu. Walikuwa na jina lake na orodha ya rafiki zake, basi.

Ukipata barua iliyorudi

Usifungue kiambatisho. Soma kwanza maneno yenyewe, na hasa anwani iliyoshindikana. Kama ni ya mtu uliyemwandikia jana, hiyo ni taarifa ya kweli na inakusaidia. Tafuta namba yenye tarakimu tatu. Ikianza na 4, maana yake seva bado inajaribu na huenda barua ikafika baada ya saa au siku kadhaa, kwa hiyo usiitume mara tano. Ikianza na 5, imekataliwa kabisa. Namba 5.1.1 inamaanisha anwani hiyo haipo, na mara nyingi ni herufi moja iliyokosewa. Namba 5.2.2 ni sanduku lililojaa. Ikiwa ni 5.7 na kuendelea, seva imekataa kwa sababu za usalama, na huenda tatizo liko kwako. Tutalirudia hilo.

Kama anwani huifahamu kabisa, kuna mambo mawili yanayowezekana, na ni muhimu kuyatofautisha. La kwanza ni kwamba jina lako limeghushiwa na mtu aliye mbali. Hilo linakera, lakini sanduku lako ni salama na halihitaji fundi. La pili ni kwamba mtu ameingia ndani ya sanduku lako na anatuma kutoka humo. Hilo ni hatari.

Angalia sehemu ya barua zilizotumwa. Ukizikuta humo barua usizoziandika, umeingiliwa. Usipozikuta, bado usitulie, kwa kuwa mwizi anaweza kuzifuta. Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako, ambayo huduma kama Gmail huionyesha. Kisha fungua mipangilio uone kama kuna anwani ngeni inayopelekewa nakala za barua zako. Hiyo ndiyo mbinu wanayoipenda, kwa sababu ukibadilisha neno la siri bila kuiondoa, wanaendelea kusoma kila kitu. Ukikuta dalili yoyote, badilisha neno la siri, ondoa anwani hiyo na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

Wenye haraka ya kujua zaidi wanaweza kusoma mihuri. Kila seva inayopitisha barua huongeza mstari juu yake, wenye jina lake, namba ya mashine iliyoileta na saa. Mistari hiyo haionekani kwa kawaida, ila kuna sehemu ya kuonyesha barua nzima kama ilivyopokelewa. Husomwa kutoka chini kwenda juu. Ya chini kabisa inaweza kughushiwa, lakini ule uliogongwa na seva iliyopokea hauwezi. Ukiona barua "yako" imeingia kutoka kwenye mashine ya nchi ambayo hujawahi kufika wala kuwa na huduma nayo, umepata jibu. Mtumie mteja aliyekasirika nakala ya mstari huo. Unamaliza ugomvi kuliko kuapa.

Sasa wanataka fedha

Waandishi wa virusi wa 2002 na 2003 walitumia jina lako kujificha. Wa leo wanalitumia kukusanya malipo, na shabaha yao ni watu wanaoagiza na kuuza mizigo kwa barua pepe. Kituo cha malalamiko ya uhalifu wa mtandao cha FBI nchini Marekani kilipokea kwa mwaka 2023 malalamiko 21,489 ya wizi wa aina hii, na hasara iliyoripotiwa ilizidi dola bilioni 2.9. Hiyo ni iliyoripotiwa huko tu.

Unavyofanyika ni hivi. Umekubaliana na muuzaji wa Guangzhou akuletee pampu za umwagiliaji, profoma umepata, malipo ya awali ni dola 8,000. Siku mbili kabla ya kulipa unapata barua yenye jina la yule yule, lugha ile ile, ikitaja namba ya profoma, na kusema benki yao inakaguliwa hivyo ulipe kwenye akaunti nyingine. Unalipa. Wiki mbili baadaye muuzaji anauliza mbona kimya. Upande wa pili ni wewe muuzaji wa parachichi au ufuta, mnunuzi anakuonyesha risiti ya benki kwamba amelipa, na fedha hujaziona. Kila mmoja anamshuku mwenzake na mzigo unaozea ghalani.

Barua hiyo ya uongo huja kwa njia tatu. Inaweza kughushi anwani halisi, kwa tundu lile lile la 1982. Inaweza kutoka kwenye anwani inayofanana, iliyobadilishwa herufi moja, na kwenye simu ya mkononi huioni kwa sababu programu nyingi huonyesha jina tu hadi uliguse. Au inatoka kweli kwenye sanduku la mwenzako, kwa kuwa limeingiliwa na mwizi amekuwa akisoma mazungumzo yenu kwa wiki kadhaa. Angalia pia jibu lako linakwenda wapi. Kuna barua ambazo jina la mtumaji ni sahihi, lakini ukibonyeza kujibu, anwani inayotokea ni nyingine.

Kwenye malipo ya simu umezoea kuona jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Malipo mengi ya benki za nje hayana nafasi hiyo, na fedha hufuata namba ya akaunti. Kwa hiyo akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Namba iliyoandikwa kwenye barua ya mabadiliko ni ya mwizi.

Kwa wenye kikoa chao, yaani jina la biashara linalofuata alama ya @, kuna kinga ya kuzuia jina hilo lisighushiwe. Ni rekodi tatu zinazowekwa na anayekuhudumia kikoa. SPF, iliyochapishwa kama utaratibu mwaka 2006, inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, lakini inakagua bahasha peke yake. DKIM, ya mwaka 2007, inaweka sahihi ya siri kwenye barua. DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, inaunganisha hizo mbili na lile jina linaloonekana na msomaji, kisha inamwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyopita: asifanye lolote, aiweke kando, au aikatae.

Wauzaji wengi wa huduma huweka hilo la kwanza, "asifanye lolote", na kumwambia mteja kazi imekwisha. Haijaisha. Hiyo ni hatua ya kupokea ripoti na kuona ni mitambo gani inatumia jina lako. Baada ya wiki chache za kuhakikisha barua zako halali zote zinapita, dai ipandishwe hadi kukataa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo hudai angalau SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na zote tatu kwa anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku. Chama cha ushirika au kampuni ya pembejeo ambayo barua zake zinarudi na namba 5.7 ianzie hapo. Anayetumia anwani ya kawaida ya Gmail hana la kuweka, kwani Google wenyewe wameshaweka.

Rekodi hizi haziwezi kuzuia ile anwani inayofanana wala sanduku lililoingiliwa. Kwa hizo inabaki simu.

Kama fedha zimekwenda, mwone meneja wa benki yako siku hiyo hiyo aombe malipo yazuiwe, maana baada ya siku mbili tatu huwa yameshahamishwa. Kisha nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hapa Tanzania, na ile ya Kenya ya mwaka 2018, zinafanya kuwa kosa kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta. Usiifute barua ya mwizi, na usipeleke karatasi iliyochapwa peke yake, kwa sababu mihuri tuliyoieleza haichapwi. Ukiipeleka mbele kwa njia ya kawaida nayo inapotea. Ihifadhi barua nzima kama faili, uiweke kwenye flashi, na uikabidhi pamoja na profoma ya kwanza na risiti ya benki.